Mwenye Sherehe Ndiye Mlipaji: Siku ya Kuzaliwa Katika Kisiwa cha Hydra

Likizo ya siku ya kuzaliwa, yaani safari ya siku chache ambayo mtu huifunga pamoja na marafiki zake ili kuadhimisha umri alioufikia akiwa mbali na nyumbani, ni desturi changa kuliko keki na mishumaa, na imekua sambamba na nauli nafuu za ndege na picha za mitandao ya kijamii. Barani Ulaya visiwa vya Ugiriki ni miongoni mwa mahali panapochaguliwa sana kwa safari hizo, na Mswahili mwenye marafiki London, Berlin au Stockholm anaweza kuupata mwaliko wake kwa ujumbe mfupi wa simu, ukiwa tayari na tarehe, jina la kisiwa na kiasi cha mchango. Jambo ambalo ujumbe huo hausemi ni kwamba kundi la marafiki linaposhuka bandarini linaingia katika jamii yenye utaratibu wake wa zamani kuhusu siku ya mtu: ni siku ipi hasa, nani humwalika nani, na nani hutoa fedha. Utaratibu huo unapishana na likizo ya kisasa karibu katika kila kipengele, kwa kuwa likizo ya kisasa humtaka kila rafiki achange ili mwenye siku asiguse mfuko wake, ilhali kwa Wagiriki mwenye siku ndiye mwenye deni.

Kisiwa cha Hydra kinafaa kwa kulitazama jambo hili kwa karibu, kwa sababu ni kidogo na wageni hawana pa kujitenga na wenyeji. Kiko katika Ghuba ya Saronic, kusini ya Athens, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa boti ya kasi kutoka Piraeus, ambayo ndiyo bandari kuu ya mji huo. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 50, wakazi wake ni takriban 2,000, na karibu wote wanaishi katika mji mmoja uliopanda kuizunguka bandari mfano wa viti vya uwanja wa michezo, nyumba juu ya nyumba, hadi kwenye mawe matupu ya mlima. Magari na pikipiki haviruhusiwi, isipokuwa machache ya huduma kama lile la taka na lile la zimamoto, kwa hiyo mzigo wowote unaoshuka melini, uwe saruji, jokofu au kreti za soda, hupandishwa na punda na nyumbu. Nyumbu wanaotajwa hapa ni wale wanaozaliwa na punda dume na farasi jike, si wale wa mbuga za Serengeti. Msomaji aliyewahi kufika Lamu atautambua mara moja mji wa namna hii, wenye vichochoro vinavyompa mnyama haki ya kupita kwanza, lakini atatambua pia tofauti iliyopo, kwani Lamu imelala tambarare juu ya mchanga, na Hydra ni ngazi tupu.

Utajiri unaoonekana katika majumba makubwa ya mawe juu ya bandari haukutokana na utalii. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vita vya Napoleon, manahodha wa Hydra walijipatia fedha nyingi kwa kupitisha nafaka katikati ya manowari za Waingereza zilizokuwa zikiziba bandari za Ufaransa na Hispania, kazi ya hatari iliyolipa vizuri. Vita vya uhuru dhidi ya dola ya Waothmani vilipoanza mwaka 1821, meli hizo za biashara zikageuzwa kuwa za kivita, na Andreas Miaoulis, nahodha wa kisiwa hicho, akawa miongoni mwa makamanda wakuu wa majini wa Wagiriki. Kila mwaka mwishoni mwa Juni wenyeji humkumbuka katika tamasha liitwalo Miaoulia, ambalo kilele chake ni kuichoma moto mashua bandarini usiku, kwa kuwa silaha iliyowatia hofu Waothmani ilikuwa merikebu chakavu iliyojazwa vitu vya kuwaka, ikasukumwa hadi kwenye meli za adui na kuteketea pamoja nazo. Kundi la marafiki ambalo siku yao inaangukia juma hilo litapata bure onyesho ambalo fedha zao zisingeweza kulinunua.

Kuhusu siku ya mtu, msingi wa desturi ya Wagiriki ni kalenda ya Kanisa la Kiorthodoksi, ambamo kila tarehe ina mtakatifu wake au watakatifu wake. Mtu aliyepewa jina la mtakatifu husherehekea siku ya mtakatifu huyo, na siku hiyo, inayoitwa siku ya jina, kwa mtu mzima kwa desturi imekuwa na uzito kuliko tarehe aliyozaliwa. Akina Yiannis husherehekea tarehe 7 Januari, akina Konstantinos na Eleni tarehe 21 Mei, akina Dimitris tarehe 26 Oktoba na akina Nikos tarehe 6 Desemba. Akina Yorgos siku yao ni tarehe 23 Aprili, lakini ikiangukia ndani ya Kwaresima huahirishwa hadi Jumatatu ya Pasaka, kwa kuwa haifai kumfanyia mtakatifu karamu watu wakiwa wamefunga. Kwa kawaida watoto hupewa majina ya babu na bibi zao, na hivyo babu na mjukuu hujikuta wana siku moja, na mtaa mzima unaijua bila kuambiwa, kwa sababu imeandikwa katika kalenda ya ukutani. Faida nyingine, ambayo wanawake wa makamo wa Ugiriki huenda wakaithamini kuliko zote, ni kwamba siku ya jina haimuulizi mtu umri wake.

Zamani siku hiyo haikuwa na mwaliko. Mlango uliachwa wazi, ndugu, majirani na wafanyakazi wenza walipita na sanduku la vitamutamu kutoka dukani au chungu cha maua, na mwenye siku aliwapokea kwa kijiko cha matunda yaliyopikwa katika sukari, glasi ya maji baridi na kinywaji kidogo. Siku hizi nyumba nyingi hutangaza saa ya kupokea wageni, na vijana wa mijini husherehekea siku zote mbili, ile ya jina na ile ya kuzaliwa, lakini kanuni ya msingi haijabadilika. Mwenye siku ndiye anayekirimu. Mfanyakazi wa ofisi akifikia siku yake huleta yeye vitamutamu akawagawia wenzake, na anayewaalika marafiki mkahawani hutarajiwa kulipa meza nzima, nao watamjibu kwa maneno ya heri yanayotumika kwa siku ya jina, siku ya kuzaliwa na sikukuu za kidini vilevile: “Chronia polla”, yaani miaka mingi.

Wazo la kuwafanyia marafiki karamu kwa siku ya kuzaliwa, hata hivyo, lina mizizi mirefu katika ulimwengu wa Wagiriki, na mfano wake maarufu zaidi unamhusu mtoto wa kisiwani. Mwanafalsafa Epicurus alizaliwa Samos mwaka 341 kabla ya Kristo, akahamia Athens, na huko, karibu na mwaka 306, akanunua bustani aliyoishi na kufundishia pamoja na marafiki zake. Alifundisha kwamba lengo la maisha ni raha, akimaanisha hasa hali ya mwili usio na maumivu na nafsi isiyo na hofu, na kwamba miongoni mwa vyote vinavyoleta raha hiyo hakuna kinachouzidi urafiki. Wosia wake umehifadhiwa na mwandishi Diogenes Laertius, na ndani yake Epicurus aliagiza kwamba mapato ya mali yake yatumike, pamoja na mambo mengine, kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa kila mwaka katika mwezi wa Gamelion, ambao ni sawa na Januari na Februari, na kugharamia mkutano wa wenzake tarehe 20 ya kila mwezi. Alifariki mwaka 270, na hivyo kwa miaka mingi marafiki walikula siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hayupo, kwa fedha zake mwenyewe. Watu waliolichukua jina lake kuwa kisingizio cha ulafi wangeshangaa kuiona meza yake, kwani mwandishi huyohuyo anaeleza kuwa Epicurus aliridhika na mkate na maji, na alipotaka kujifurahisha sana alimwomba rafiki amletee chungu kidogo cha jibini.

Hydra yenyewe ina kisa chake cha siku ya kuzaliwa, ingawa mhusika wake alitoka mbali. Leonard Cohen, mshairi wa Kanada ambaye baadaye alipata umaarufu kwa nyimbo, alifika kisiwani mwaka 1960, na tarehe 27 Septemba, siku sita baada ya kutimiza miaka 26, akanunua nyumba kwa dola 1,500 alizozipata katika urithi wa bibi yake. Tayari palikuwa na kikundi cha waandishi na wachoraji wa kigeni waliovutwa na maisha ya gharama ndogo, wakiwamo Charmian Clift na George Johnston kutoka Australia, waliofika mwaka 1955 na kukaa hadi 1964. Watu hao hawakuja likizo ya siku nne. Walikopeshwa vyakula na wenye maduka, walizoea baridi ya Januari, wakawajua majirani kwa majina, na ndiyo maana wenyeji bado wanawazungumzia. Gharama ndogo waliyoifuata imekwisha kabisa, kwa kuwa Hydra ya leo ni miongoni mwa visiwa ghali, na bandari yake hujaa boti za starehe za matajiri kila mwisho wa juma wa kiangazi.

Kwa msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, sherehe huanzia kwenye makaratasi. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani muungano wa nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti katika mipaka iliyo baina yao, na viza ya muda mfupi humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 ni sharti, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Anayeishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi asidhani amesalimika, kwani Uingereza haimo katika eneo hilo, ilhali mwenye kibali cha Ujerumani au Sweden hahitaji viza nyingine. Viza hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, si kwa kundi, kwa hiyo marafiki watano wanaweza kuomba pamoja na mmoja akakataliwa. Nyumba iliyolipiwa mapema bila haki ya kurejeshewa fedha imekwisha kuvunja urafiki mwingi kabla ndege haijaruka, na busara ni kuamua tangu mwanzo nani atabeba fungu la asiyefika.

Tarehe nayo ina uzito wake. Agosti ndio mwezi ambao Wagiriki wenyewe huenda likizo, na tarehe 15 ya mwezi huo, sikukuu ya kulala kwa Mama wa Mungu, ambayo Wakatoliki huijua kama Kupalizwa Bikira Maria, ni kubwa kuliko zote za kiangazi. Feri hujaa, vyumba huadimika, na Hydra hujaa zaidi kwa kuwa kanisa lake kuu la bandarini, lenye mnara wa kengele wa marumaru, limewekwa chini ya sikukuu hiyohiyo. Aliyezaliwa mwezi huo akanunue tiketi mapema au asherehekee Septemba, wakati bahari bado ina joto la kiangazi na wenyeji wamepata nafasi ya kuvuta pumzi. Ijumaa Kuu ya Waorthodoksi, ambayo kwa miaka mingi haiangukii siku moja na ile ya Wakatoliki, ni jambo lingine kabisa, kwani katika kijiji cha Kamini, pembeni mwa mji, waumini hulibeba jeneza la mfano la Kristo, lililopambwa kwa maua, hadi ndani ya maji ya bahari. Usiku huo si wa keki wala muziki wa spika.

Boti ikishafunga gati, wenye nyumbu huwa wamesimama palepale ukingoni, wanyama wamefungwa matandiko ya mbao, na bei huafikiwa kabla ya sanduku la kwanza kufungwa kamba. Sanduku la magurudumu, ambalo kwenye uwanja wa ndege lilikuwa msaada, hapa huwa adui, kwa sababu magurudumu hayapandi ngazi 200. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki, baada ya malalamiko kuhusu wanyama waliokuwa wakiwapandisha watalii wazito katika kisiwa cha Santorini, ilitoa mwongozo kwamba mnyama wa kazi asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake. Mizigo ya marafiki sita, pamoja na vinywaji walivyonunua Athens kwa kukwepa bei ya kisiwani, huzidi mgongo mmoja kwa urahisi. Kwenda kuogelea ni kwa miguu au kwa teksi za majini, ambazo ni boti ndogo zinazotoza kwa boti nzima wala si kwa kichwa, na hapo ndipo kundi hupata nafuu ya kuwa kundi. Fukwe za mchanga ni adimu, kwani watu wengi hujitosa kutoka juu ya miamba, wakapanda tena kwa ngazi ya chuma, na viatu vya mpira vina thamani kuliko taulo la fahari.

Ndani ya nyumba ya kupanga kuna sheria mbili ambazo kundi linaloadhimisha siku ya kuzaliwa lina uwezekano mkubwa wa kuzivunja. Ya kwanza ni ya utulivu. Kote Ugiriki, kuanzia Aprili hadi Septemba, kelele zimekatazwa kati ya saa 9 alasiri na saa 11 na nusu jioni, na tena kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, na katika mji uliojengwa kwa kuizunguka bandari sauti ya mtu aliye kwenye roshani ya juu humfikia kila aliye chini yake. Ya pili ni ya maji na moto. Hydra haina mto wala chemchemi ya kutosha, kwa miaka mingi maji yaliletwa kwa meli kutoka bara, na siku hizi hupatikana kwa mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, kwa hiyo ile desturi ya vijana wa Dar es Salaam na Nairobi ya kumvizia mwenye siku na kummwagia ndoo ya maji ifanyikie baharini, ambako maji hayana bili. Fataki nazo zisifikiriwe hata kidogo. Juni 2024 moto uliteketeza takriban hekta 30 za msitu wa misonobari wa Bisti, karibu msitu pekee wa aina hiyo kisiwani, na kikosi cha zimamoto kilieleza kuwa chanzo chake kilikuwa fataki zilizorushwa kutoka kwenye boti ya starehe, ambayo mabaharia wake 13 walikamatwa. Kwa kuwa hapakuwa na barabara ya kufikia msitu huo, wazimamoto walipelekwa kwa njia ya bahari, na helikopta zikamwaga maji kutoka angani. Jioni moja ya furaha ya watu wa boti moja iliwagharimu wenyeji kivuli kilichochukua vizazi kukua.

Hatimaye kuna meza, na hapa ndipo desturi mbili hukutana ana kwa ana. Mkahawa wa kienyeji, unaoitwa taverna, hauhesabu sahani kwa mtu, kwa sababu vyakula huwekwa katikati na kila mmoja hujikatia: maharage mapana, jibini iliyokaangwa, magugu ya mlimani yaliyochemshwa na kunyunyiziwa ndimu, pweza aliyeanikwa kwanza juani kisha akachomwa juu ya mkaa. Samaki mzima huandikwa bei yake kwa kilo, na mgeni mwenye busara huenda hadi kwenye jokofu, akamchagua kwa kidole, akasubiri apimwe mbele yake, kwani wengi wamesoma tarakimu ile wakidhani ni bei ya sahani, na bili ilipofika wakanyamaza ghafla. Keki ikiletwa na marafiki mwenye mkahawa huikata bila kinyongo, na meza za jirani hupelekewa vipande. Mwenye mkahawa naye huongeza kwa gharama yake kitu ambacho hakikuagizwa, pengine tikiti maji, pengine vitamutamu vyeupe vya lozi ambavyo Hydra inajivunia na ambavyo huonekana pia katika harusi na ubatizo, na kukataa takrima hiyo au kutaka kuilipia ni kumvunjia heshima.

Kuigawa bili kwa vipande sita, kila mtu na simu yake ya kukokotoa, kunaruhusiwa, na wahudumu wa Hydra wamekwisha kuzoea, lakini hakupendezi machoni pa wenyeji, ambao mezani hugombania kulipa kwa sauti ambayo asiyejua angeidhania ugomvi wa kweli. Kwa mtu anayetaka kuifanya siku yake kwa namna inayoeleweka kisiwani, njia ipo na haihitaji fedha nyingi zaidi ya zile ambazo likizo imekwisha kuzila: marafiki walipe nauli na vyumba vyao, naye achukue mlo mmoja uwe wake wote, hata kama ni wa maharage na pweza na wala si wa kamba wakubwa. Wagiriki wengi humaliza jambo hilo kabla tikiti maji halijafika, mwenye siku akijifanya anakwenda kunawa mikono, akapitia kwa mwenye mkahawa na kulipa huko ndani. Akumbuke tu kudai risiti, kwani tangazo lililobandikwa kwa sheria katika kila mkahawa wa nchi hiyo linasema kwamba mteja ambaye hakupewa risiti hana wajibu wa kulipa.